Je, Wajua? Kambi ya Jeshi Ina Serikali Ngapi?

Je, wajua kwamba mkazi wa Ndithini anatawaliwa na serikali mbili kwa wakati mmoja? Chifu ni wa Serikali Kuu. Msimamizi wa wadi ni wa Kaunti ya Machakos, nambari 16 katika orodha ya kaunti 47. Mwakilishi wadi huchaguliwa kwa kura na mkazi mwenyewe. Ndithini ni mojawapo ya wadi 5 za eneobunge la Masinga, na Machakos nzima ina wadi 40. Katika kila mojawapo ya wadi hizo serikali zote mbili zinakanyaga udongo mmoja, na kwa kawaida hazigongani, kwa kuwa moja inashughulika na zahanati na nyingine na polisi. Ardhi ikishikwa na jeshi, mambo hubadilika.

Je, wajua kwamba Katiba ya 2010 iligawa kazi hizo katika Jedwali la Nne, na ulinzi wa taifa ni kipengee cha 6 upande wa Serikali Kuu? Kaunti haikupewa hata kipande cha kazi hiyo. Ilichopewa ni mipango ya maendeleo, upimaji na uchoraji wa ramani, leseni za vileo, na, amini usiamini, mipaka na uwekaji wa ua. Kwa hiyo ukisoma jedwali neno kwa neno, seng'enge ni kazi ya kaunti, na kila kilicho ndani ya seng'enge ya kambi ni kazi ya Nairobi. Wanasheria watakwambia hakuna anayeisoma Katiba hivyo. Wana haki, lakini jedwali lenyewe ndivyo lilivyoandikwa.

Je, wajua kwamba ardhi ya umma nchini Kenya si mali ya serikali? Ibara ya 62 inasema inashikwa kwa niaba ya wananchi. Ile ambayo haijawahi kugawiwa mtu, ile isiyo na mrithi, ile isiyoweza kuthibitishwa kuwa ya yeyote, yote hiyo inashikwa na kaunti kwa niaba ya wakazi wake, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia. Halafu inakuja kauli fupi inayobadilisha kila kitu kwa majirani wa kambi: ardhi inayotumiwa na asasi za dola huingia mikononi mwa kaunti isipokuwa ile inayoshikwa, kutumiwa au kukaliwa na asasi ya kitaifa. Wizara ya Ulinzi ni ya kitaifa. Kwa hiyo gavana anaweza kuwa na kambi katikati ya kaunti yake na asiwe na sauti juu ya ekari hata moja.

Maji nayo vivyo hivyo. Mito na maziwa yote ni ardhi ya umma inayoshikwa na Serikali Kuu, pamoja na bwawa la Masinga lililokamilika mwaka 1981. Mtu wa Ndithini asiyewahi kuona kambi kwa karibu ameishi miaka yote jirani na ardhi ya Serikali Kuu, ila hii ina samaki.

Je, wajua kwamba sare haimfanyi mtu kuwa mwanajeshi? Vijana wanaoonekana wakipiga gwaride kule Yatta ni wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ibara ya 241 inataja vikosi vitatu tu katika Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, KDF: jeshi la nchi kavu, la anga na la wanamaji. Ukitaka kambi halisi ya jeshi kutoka Ndithini, elekea Thika, kwenye kikosi cha 12 cha wahandisi. Hapo umeshatoka Machakos na kuingia Kiambu.

Je, wajua kwamba vile vibao vya kukataza watu kuingia vina sheria yake? Ni Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204. Waziri akitangaza eneo kuwa la ulinzi, hakuna anayeingia bila ruhusa ya mamlaka iliyotajwa katika tangazo. Afisa wa kaunti anayekuja kukagua choo au jengo anasubiri langoni kama muuza mboga.

Na bunge la kaunti likitunga sheria inayogongana na ya kitaifa? Ibara ya 191 inasema ya kitaifa inashinda pale inapohitajika kwa usalama wa nchi.

Je, wajua kwamba Kenya iliwahi kukaribia kuwa na majimbo kamili? Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo 7 yenye mabunge yake, mbali na eneo la Nairobi. Machakos ilikuwa katika Jimbo la Mashariki. Mpango huo ulivunjwa nchi ilipokuwa jamhuri mnamo Desemba 1964, na hata ulipokuwapo, jeshi halikuwa la jimbo lolote.

Marekani ndiko swali hili lilikozaa kesi nyingi. Katiba yao, Ibara ya Kwanza, fungu la 8, inalipatia Bunge la taifa mamlaka yote juu ya ngome, maghala ya silaha na viwanda vya meli vilivyonunuliwa kwa idhini ya bunge la jimbo husika. Kifungu hicho hicho ndicho kilichozaa jiji la Washington. Kambi ikipatikana kwa njia hiyo, jimbo linabaki nje. Ikipatikana kwa njia nyingine, mamlaka yanaweza kugawanywa, au taifa likabaki kama mwenye shamba wa kawaida tu huku sheria za jimbo zikiendelea kufanya kazi ndani. Ndiyo maana kambi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na sheria tofauti, na mwanasheria wa kule huanza kwa kuuliza ardhi ilipatikana mwaka gani na kwa hati ipi.

Je, wajua kwamba Wamarekani waliwahi kusahau kujiwekea mamlaka juu ya kambi yao wenyewe? Kansas ilipofanywa jimbo mwaka 1861, Bunge la taifa halikutenga mamlaka yake juu ya Fort Leavenworth. Mwaka 1875 Kansas ikakubali kuyatoa, lakini ikabakisha haki ya kuitoza kodi reli iliyopita ndani ya kambi. Kampuni ya reli ikalipa shingo upande, kisha ikashtaki irudishiwe pesa. Mwaka 1885 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Kansas ilikuwa na haki: anayetoa mamlaka kwa hiari anaweza kubakisha kipande. Ningependa kila gavana wa Kenya aisome hukumu hiyo, kwa sababu kaunti zetu hazikutoa kitu. Zilizaliwa mwaka 2013 zikakuta ua umeshazungushwa.

Na hapo ndipo pesa zinapoingia. Ibara ya 209 inaipa kaunti haki ya kutoza kodi ya ardhi na majengo. Serikali Kuu hailipi kodi hiyo kama wewe unavyolipia ploti yako. Kinachotakiwa ni mchango badala ya kodi. Kaunti ya Nairobi, yenye makao makuu ya jeshi na kambi kadhaa, imekuwa ikiidai Serikali Kuu mabilioni kwa njia hiyo kwa miaka mingi, pamoja na wizara na mashirika mengine. Deni hilo hutajwa kila msimu wa bajeti. Raia akichelewa kulipa anatozwa riba na kutishiwa kunadiwa. Sijawahi kusikia dalali akitumwa kwenye lango la kambi.

Je, wajua kwamba Machakos yenyewe ilianza kwa ngome? Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake hapo mwaka 1889, miaka 10 kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuwa Nairobi.

Je, wajua kwamba mwaka 1938 Wakamba walitembea hadi Nairobi kudai ng'ombe wao? Serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwapunguzia mifugo kwa nguvu, kwa maelezo kwamba ardhi imechoka, na huko Athi River kampuni ya Liebig ilikuwa na kiwanda kipya kilichohitaji nyama. Muindi Mbingu aliongoza watu wakapiga kambi jijini kwa majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini serikali ikarudi nyuma katika suala la ng'ombe. Kilichowaumiza vichwa wakubwa ni kwamba Wakamba walikuwa miongoni mwa watu walioandikwa kwa wingi katika King's African Rifles. Kuwakasirisha watu unaotegemea wawe askari wako, tena vita vikinukia Ulaya, ni hesabu mbaya.

Miaka 82 baadaye, Athi River hiyo hiyo, nyama na jeshi vikakutana tena. Septemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliihamishia Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, katika Wizara ya Ulinzi. Hatua hiyo ikafikishwa mahakamani kwa hoja kwamba umma haukushirikishwa. Wafugaji niliowasikia walikuwa na swali jepesi zaidi: je, jeshi litalipa kwa wakati?

Mwaka huo huo wa 2020 mwanajeshi aliwahi hata kushika kazi za kaunti. Mkataba uliotiwa saini tarehe 25 Februari ulihamisha afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya Nairobi kutoka kwa kaunti hadi Serikali Kuu, na Meja Jenerali Mohamed Badi akapewa kuiongoza idara mpya iliyoitwa NMS. Ilifungwa Septemba 2022.

Je, wajua kwamba soko la Kariokor, Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam yalipata majina kutoka kwa jeshi moja? Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichokula maisha ya makumi ya maelfu ya Waafrika, wengi kwa maradhi na njaa. Vita vilipokwisha, Waingereza wakaanzisha mwaka 1919 mpango wa kuwapa ardhi waliopigana. Zaidi ya ekari milioni 2 zilitengwa Kenya, na mashamba mengine yakagawiwa kwa kura. Waliopewa ni Wazungu. Wapagazi waliobaki hai walirudi kwao, wengine bila hata mshahara wao, na hakuna mfumo wa serikali mbili wala moja uliowatengea shamba.

Je, wajua kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wanasoma palipokuwa kambi? Templer Barracks ya Waingereza, pale Kahawa, ilikabidhiwa Kenya na mwaka 1965 ikawa Kenyatta College. Mackinnon Road nayo ilianzishwa miaka ya 1940 kama ghala kubwa la jeshi la Uingereza, mradi ukaachwa, kisha majengo yakatumiwa kuwafungia watu wakati wa vita vya Mau Mau.

Sasa, wageni. Watu wengi huamini kwamba kambi ya nchi nyingine ni ardhi ya nchi hiyo. Iko mifano michache ya kweli: Akrotiri na Dhekelia kule Cyprus ni himaya ya Uingereza tangu kisiwa kilipopata uhuru mwaka 1960, karibu asilimia 3 ya kisiwa chote. Kenya haina kitu cha namna hiyo. Nyati Barracks ya Waingereza, pale Nanyuki, iko Kenya, chini ya sheria za Kenya na mkataba wa ulinzi. Mkataba wa sasa ulitiwa saini London mnamo Julai 2021, na Bunge la Taifa likauridhia mwaka 2023. Manda Bay, Lamu, ambako wanamgambo wa Al-Shabaab waliwaua Wamarekani watatu tarehe 5 Januari 2020, ni kituo cha jeshi la wanamaji la Kenya. Wamarekani ni wageni hapo. Na Ibara ya 240 inasema majeshi ya kigeni hayawekwi nchini bila Baraza la Usalama wa Taifa na idhini ya Bunge. Gavana hatajwi.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya mazoezi ya Waingereza hufanyika kwenye ardhi isiyo ya jeshi lolote? Archers Post, Samburu, ni malisho ya jamii. Wachungaji waliokota huko vilipuzi vilivyoachwa. Wengine walikufa, wengine walikatika viungo. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 220.

Lolldaiga, Laikipia, ilikuwa ranchi ya binafsi. Machi 2021 moto ulizuka wakati wa mazoezi, maelfu ya ekari yakateketea, na moshi ukatanda vijijini. Wakazi na shirika la kutetea mazingira walikwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Nanyuki. Upande wa Uingereza ukaleta hoja ya kale: dola moja haishtakiwi katika mahakama ya dola nyingine. Mwaka 2022 Jaji Antonina Kossy Bor aliikataa. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko fidia yenyewe, maana kabla yake watu waliodhurika walilazimika kutafuta mawakili London, kama wale wa Samburu. Mwaka 2025 yakafikiwa makubaliano ya pauni milioni 2.9 kwa walalamishi 7,723. Ukigawa sawasawa, kila mmoja anapata kama pauni 375.

Jinai huenda polepole zaidi kuliko moshi. Agnes Wanjiru, mama mwenye umri wa miaka 21, aliuawa Nanyuki mwaka 2012. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ulihitimisha kwamba aliuawa na wanajeshi wa Uingereza. Hati ya Mahakama Kuu ya kumkamata mshukiwa ilitolewa Septemba 2025. Kosa lilitendeka mjini, nje ya lango lolote, kwa hiyo hapakuwa na utata wa mahakama ipi ina mamlaka. Miaka 13 ilipita vivyo hivyo.

Je, wajua kwamba kuna mahakama moja nchini ambayo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma haingii? Ibara ya 157 inampa nguvu za kushtaki katika mahakama yoyote isipokuwa ya kijeshi. Hata hivyo mahakama ya kijeshi haiko angani. Ibara ya 169 inaiweka pamoja na mahakama za chini, na askari aliyehukumiwa humo hukata rufaa Mahakama Kuu, kwa majaji wale wale wanaosikiliza rufaa za raia wa kawaida. Uganda walibishana juu ya jambo hili kwa miaka, hadi Mahakama ya Juu ilipoamua Januari 2025 kwamba raia hawafai kushtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuwarudisha.

Je, wajua kwamba mfano wa karibu zaidi na ule wa Marekani hauko Kenya, uko Zanzibar? Ulinzi ni jambo la Muungano tangu 1964. Ardhi si jambo la Muungano. Kwa hiyo JWTZ, jeshi la Tanzania lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lina mwenye ardhi mmoja Bara na mwingine Visiwani. Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaiweka ardhi mikononi mwa Rais wa Jamhuri ya Muungano kama mdhamini. Zanzibar, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inaiweka mikononi mwa Rais wa Zanzibar. Kamanda ni mmoja, lakini kambi ya Dodoma na ya Unguja zimesimama juu ya sheria mbili. Juu ya hapo, Zanzibar ina idara zake maalumu zenye sare na gwaride: JKU, KMKM, Mafunzo, Valantia na Zimamoto. Hizo si za Muungano, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inazitambua.

Turudi nyumbani kwa swali ambalo watu huuliza kwa sauti ya chini: je, jeshi likitaka shamba Ndithini kesho? Haliji na tingatinga. Ombi linapelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na Tume ikiona haja ni ya umma inatangaza nia ya kutwaa. Angalau siku 30 baadaye inapanga kikao cha kusikiliza wenye madai, na tarehe yake inatangazwa siku 15 kabla. Ibara ya 40 inataka fidia ya haki, kamili na ya haraka, na inakupa mlango wa mahakama. Ibara hiyo hiyo inaruhusu kulipwa hata mtu anayeishi kwenye ardhi kwa nia njema bila hatimiliki, jambo linalowahusu wengi katika Yatta na Masinga ambao karatasi zao bado ziko ofisini. Anayepanda miti usiku baada ya tangazo asitegemee sana.

Kaunti nayo haijasahauliwa kabisa. Sheria ya Ardhi inataka tangazo la nia ya kutwaa lichapishwe mara mbili: katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalotoka kila Ijumaa, na katika gazeti la kaunti. Idhini ya gavana haimo katika kifungu hicho.